Tupeane uzoefu: siku video ilipogoma kutoka, au DVD ilipoganda kwenye deki ya mteja

Mhariri wa Sinza (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Sisi tunaoshuti na kuhariri sherehe hapa Dar huwa tunaonyeshana kazi zilizotoka vizuri. Ule usiku ambao kazi imekataa kutoka hatuusimulii, na ndio wenye faida kwa mwenzako. Naanza mimi.

Ilikuwa sendi-ofu. Nilihariri siku nne, nikachoma DVD, nikaitazama yote kwenye laptopu, safi kabisa. Familia ikakusanyika Tandika kwa bibi yake bi harusi, kwenye deki ya siku nyingi. Hotuba zikaenda vizuri. Ilipofika mahali mama anaingia na vitenge kumtunza mwanawe, ukumbi umejaa, taa za rangi zinazunguka, picha ikaganda. Wakarudisha nyuma, ikaganda palepale. Bibi akaniuliza, "Mjukuu wangu, mbona mama yenu mmemkata?" Neno lile bado ninalo.

Nikadhani diski mbovu. Nikachoma nyingine, ikaganda palepale, hapo nikajua kosa liko kwenye faili lenyewe. DVD ya video ina kikomo: picha na sauti kwa pamoja visizidi megabiti 10.08 kwa sekunde. Mimi nilikuwa nimeruhusu picha ipande hadi 9, na sauti nimeiacha PCM (isiyobanwa), ambayo peke yake inakula 1.5. Mtu akihutubia amesimama tu, bitireti (data inayopita kila sekunde) inakuwa chini. Watu wakianza kucheza, kila kitu kinasogea, inapanda, deki inazidiwa. Laptopu ina nguvu, haikunionyesha kitu.

Nikabadilisha sauti kuwa AC3 (iliyobanwa) ya kilobiti 192, picha nikaifungia isivuke 7, nikachoma taratibu, kasi ya 4x. Nikaipeleka Tandika mwenyewe na kukaa na bibi mpaka mwisho.

Tangu siku ile nina deki ya zamani niliyoinunua Kariakoo, na hakuna diski inayotoka mkononi mwangu bila kupita humo. Leteni na zenu, ila tajeni na chanzo, dalili peke yake haimsaidii mtu.

Kamera Tabata

Asante mkuu. Yangu ni ya flashi. Kipaimara, video ya saa 2 na nusu, mteja ameleta flashi ya giga 32 mpya. Naekspoti moja kwa moja humo, ikifika katikati inaniambia nafasi imeisha. Nafasi ipo tele! Nilifuta, nikarudia mara tatu, usiku mzima umekwenda.

Kumbe flashi ilikuwa imefomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na FAT32 haipokei faili moja linalozidi giga 4, hata flashi iwe kubwa vipi. Nikaifomati exFAT, mpangilio mpya zaidi, ikaingia. Kesho yake mteja anapiga simu: TV yake haioni flashi kabisa. TV nyingi za zamani zinajua FAT32 tu. Siku hizi namuuliza mteja kwanza ataangalizia wapi. Kama ni TV ya zamani, naigawa kazi sehemu mbili, au nashusha bitireti: kwa megabiti 4 kwa sekunde, saa 2 zinakaa kwenye giga 3.6 hivi. Na siekspoti tena kwenye flashi. Naekspoti kwenye kompyuta, ndipo nanakili.

Studio ya Kanisani, Mbagala

Shikamooni wakubwa. Sisi tulikuwa tunarekodi mahubiri kwa simu mbili, sauti kwa kinasa pembeni. Mwanzoni mdomo na sauti vinakwenda pamoja, ikifika dakika ya 50 mchungaji amefunga mdomo na neno linaendelea kusikika. Tulisogeza sauti kwa mkono kila dakika tano, kazi ya mateso.

Chanzo ni simu. Haishiki fremu (picha) 30 kwa sekunde sawasawa. Mwanga ukipungua inapunguza, ukirudi inaongeza. Programu ya kuhariri inadhani fremu ni zilezile. Dawa: kabla ya kuhariri chochote, pitisha klipu zote za simu kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, uchague fremu zisizobadilika. Ni bure. Tukiwa na kamera ya fremu 25 pamoja na simu, siku hizi simu nayo tunaiweka 25 tangu kwenye kushuti, kama simu inakubali.

Fundi Gongo la Mboto

Kurenda (kutoa video iliyokamilika) kunakofia palepale kila mara, tuseme asilimia 63: msiendelee kubonyeza tena na tena. Gawa taimlaini (ule mstari uliopanga klipu zako) nusu kwa nusu. Nusu inayogoma igawe tena. Mara tano tu umeshaikaribia klipu yenyewe. Yangu ilikuwa klipu moja ya sekunde 8 iliyoharibika kwenye memori kadi. Nikaitoa, kazi ikatoka.

Na kwa umeme wetu, kazi ndefu narenda vipande vya dakika 20, kisha naviunganisha. Ukikatika, umepoteza kipande kimoja.

Mpiga Picha Temeke

Kuna aliyepata mistari kama meno ya kitana bi harusi akitembea? Kwenye kompyuta ilikuwepo kidogo, kwenye TV ikawa picha inatetemeka.

Mhariri wa Sinza

Kaka, hiyo ni mpangilio wa fildi, zile nusu mbili za mistari zinazounda kila picha. Kamera za DV zinaanza na fildi ya chini, za HDV zinaanza na ya juu. Ukizigeuza wakati wa kuekspoti, mwendo unarudi nyuma na mbele. Angalia klipu asilia inasemaje, uifuate hivyo hivyo hadi kwenye DVD.

Dada wa Kigamboni

Samahanini, mimi si fundi. Nina DVD ya mazishi ya baba yangu. Deki inasema hakuna diski. Ndiyo pekee tuliyo nayo.

Fundi Gongo la Mboto

Pole sana dada. Usiilazimishe kwenye deki. Ifute kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Halafu ijaribu kwenye draivu za kompyuta tofauti tofauti, kwa sababu diski iliyochoka draivu moja inaikataa na nyingine inaisoma. Ikifunguka, ingia folda ya VIDEO_TS, nakili mafaili ya VOB (ndiyo yenye video) moja moja, usiyabebe kwa pamoja. Kila moja halizidi giga 1. Likigoma moja, liruke, chukua yanayofuata.

Dada wa Kigamboni

Draivu ya tatu, ya jirani, imeisoma. VOB nne, ya mwisho imekataa. Ya pili ina baba mdogo akisoma wasifu wake, mwanzo hadi mwisho. Tumeshanakili sehemu tatu tofauti. Mama anaiangalia sasa hivi.