Mteja amezuia laki tisa ya zege la njia ya gari. Nimalizane naye vipi bila kugombana?

FundiZegeGoba

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni fundi wa zege, kazi zangu nyingi ziko huku Dar es Salaam, Goba, Madale na Wazo. Nina mteja amekataa kumalizia hela na nataka ushauri kabla sijarudi kwake, kwa sababu ni mzee ninayemheshimu na mtaa mzima unamsikiliza.

Kazi ilikuwa njia ya gari kutoka getini hadi kibarazani, mita 15 kwa 3.5. Zege la zamani lilimwagwa na mafundi wengine. Upande wa getini lilititia kwa sababu kifusi kilijazwa kwa mkupuo mmoja na hakikushindiliwa, na gari likiingia lilikuwa linalalia ubavu. Tukakubaliana nivunje mita 9 za upande huo, nitoe kifusi chote, nijaze moramu kwa tabaka za sentimita 15 huku nikishindilia kila tabaka kwa kompakta, nitandike BRC (wavu wa chuma), nimwage zege jipya la sentimita 12. Mita 6 za karibu na kibaraza zilikuwa nzima, zikabaki. Bei milioni 2.8 vifaa na ufundi. Alitanguliza milioni 1.9, laki 9 ilikuwa ya kumalizia.

Sasa anasema halipi, na ana hoja nne.

Kwanza maji yanatuama sehemu mbili mvua ikinyesha. Pili kuna nyufa. Tatu zege jipya ni jeusi kuliko la zamani, anasema nimemwekea kiraka mbele ya nyumba. Nne geti linakwaruza chini likifunguliwa, na zamani halikuwa linakwaruza.

Hilo la geti naomba mlielewe vizuri. Kiwanja kinapanda kutoka barabarani kwenda kwenye nyumba, na geti linafungukia ndani. Wakati zege limetitia geti lilipita bila shida kwa sababu chini palikuwa na shimo. Nimerudisha zege kwenye kimo chake, ncha ya geti inakutana na mwinuko. Nilipovuta kamba mzee alikuwepo na alikubali kimo, lakini geti hatukulizungumzia, si mimi wala yeye.

Nyufa ziko za aina mbili. Kuna zile nyembamba kama nywele katikati, zinaonekana ukimwaga maji na kuacha pakauke. Halafu kuna mmoja umekatisha kona ya getini kutoka ukingo hadi ukingo. Huo naujua ulikotoka. Siku ya nne baada ya kumwaga liliingia boza la maji kujaza tenki. Nilikuwa nimemwambia mlinzi, nimemwambia na mama mwenye nyumba, na nimepanga tofali na mbao getini. Nilipokuja kumwagilia asubuhi nikakuta tofali zimesogezwa ukutani na alama za matairi pacha juu ya zege. Nilipiga picha. Mzee alikuwa Dodoma, na mpaka leo anasema yeye hakuambiwa na mtu.

Mkato wa zege (mfereji mwembamba wa kuongoza nyufa) nilikata kila mita 3, kina sentimita 3. Zege nilimwagilia siku saba mfululizo. Vijana wangu nimeshawalipa mfukoni mwangu, siwezi kuwaambia wasubiri mzee apoe. Hiyo laki 9 ndiyo mtaji wa kazi inayofuata.

Naomba kujua: kipi nirekebishe kwa gharama yangu, kipi nikatae, na nikimkatalia nimwambie kwa maneno gani?

---

TeknishianiUjenzi

Kaka Fundi, pole. Usiende kubishana naye kwa mdomo. Nenda na rula ya alumini ya mita 3, pima maji (kile kifaa cha kuangalia usawa), ndoo na chaki, mkapime pamoja. Mtu akishika rula mwenyewe maneno yanapungua.

Anza na maji kwa sababu ndilo lililo muhimu kuliko yote. Mwagieni njia nzima kwa mpira hadi ilowe, muache saa moja. Panapobaki na maji zungusha chaki, kisha laza rula juu ya kidimbwi na upime nafasi iliyo chini yake. Kwenye kazi zangu naandika kabisa kwamba chini ya rula ya mita 3 nafasi isizidi milimita 5. Hapo zege limepigwa kwa mkono, kasoro ndogo zipo na maji yake hukauka yenyewe. Ukikuta milimita 10 au 12, hiyo ni kasoro na mzee ana haki. Vilevile pima mteremko. Njia ya gari inatakiwa ishuke walau sentimita 1 kwa kila mita, na 2 ni bora. Wateja wengi wakisema wanataka pasawazishwe wanapata picha ya mahali palipolala kama sakafu ya sebule, na usipowaeleza mapema kwamba pakilala hivyo maji hayaondoki, mvua ya kwanza ndiyo inawaeleza.

Ikiwa kuna kidimbwi cha kweli, nakuomba usikipake saruji nyembamba juu. Najua mafundi wengi wanafanya hivyo wakiwa na haraka ya kulipwa. Tabaka la sentimita 1 halishiki kwenye zege lililokwisha komaa. Matairi yakikata kona mara chache tu linabanduka, na hapo umeharibu kazi na jina. Kama ukingo unaozuia maji ni mdogo, usage kwa mashine ya diski maji yapate njia. Kama kidimbwi ni kikubwa, kata kipande chote kutoka mkato hadi mkato na umwage upya.

Kwa nyufa za nywele chukua kadi ya benki. Unene wake ni kama robo tatu ya milimita. Isipoingia kwenye ufa, na ukipitisha kidole huhisi upande mmoja umepanda kuliko mwingine, huo ni ufa wa zege kusinyaa na haujafika mbali. Kidole kikikwama kwenye ngazi, chini pamekaa vibaya, na hapo utachimba.

Kona ni habari nyingine. Zege la siku 7 linakuwa na kama theluthi mbili ya nguvu litakayokuwa nayo siku ya 28, na siku ya nne liko chini ya hapo. Boza la lita 10,000 linabeba tani 10 za maji peke yake, hujaweka gari lenyewe. Na kona ndipo mahali dhaifu kuliko pote kwa sababu haina zege la kuishikilia pande mbili. Ufa wa mshazari unaokatisha kona ndio huachwa na uzito ukipita kwenye ukingo. Mwonyeshe picha yenye tarehe, kwa upole. Muuza maji pia alilipwa, na siku hizi wengi wanalipa kwa simu, kwa hiyo ujumbe wa malipo wenye tarehe uko kwenye simu ya mtu mmoja pale nyumbani. Usiwadai waonyeshe. Mwambie mama akumbushe ni siku gani maji yaliletwa, basi.

Rangi usiihangaikie. Zege jipya huwa jeusi wiki za mwanzo na hupauka likikauka, ila halitafanana kabisa na la miaka iliyopita. Hilo lisemwe kabla ya kazi.

---

MamaKimara

Nasema kama mwenye nyumba. Niliwahi kuzuia hela ya fundi kwa jambo kama hili, na haikuwa kwa sababu ya ufa. Nilizuia kwa sababu nilimpigia akawa hapokei, na nikajua nikimlipa ndiyo simwoni tena. Hela iliyobaki ndiyo kamba pekee mteja aliyonayo.

Kwa hiyo mwanangu, ukienda kwa huyo mzee usianze na boza. Ukianza na boza atasikia kwamba unamlaumu mke wake mbele yake, na mzee wa kitanzania hapo mazungumzo yamekwisha. Anza na kile ambacho uko tayari kukitengeneza. Mwambie, "Baba, nimekuja tuangalie maji yanapotuama, pakiwa na kosa langu natengeneza." Boza atalitaja mama mwenyewe.

---

Chuma_Moto

Mnamfundisha upole, mzee anakula laki tisa. Nenda serikali ya mtaa na picha zako, mwenyekiti amwite. Akigoma, mahakama. Wazee wa hivi wanajua kuzungusha vijana.

---

WakiliMtaani

Chuma_Moto, haki fundi anayo lakini haraka inaweza kumgharimu. Makubaliano ya mdomo ni mkataba pia chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kwa hiyo asiogope kwamba hakuandikishana. Deni la laki tisa mahakama ya mwanzo inalisikiliza. Na Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inampa miaka 6 ya kudai deni la mkataba, hivyo hakuna kinachomkimbiza leo wala kesho.

Tatizo ni uthibitisho. Mbele ya hakimu mzee atasema kazi haikukamilika ipasavyo, na fundi ataulizwa mlikubaliana nini kuhusu mteremko, geti na siku za kutopita gari. Bila karatasi ni neno lako kwa lake. Kupima pamoja alikosema dada Teknishiani, mkaandika mlichokiona na kila mmoja akatia sahihi, kunakusaidia hata kama mwisho mtafika mahakamani.

---

FundiBamburi

Salamu kutoka Mombasa ndugu yangu. Huku mimi kabla ya kumwaga napiga picha tano: shimo likiwa tupu, moramu ikishindiliwa, BRC ikiwa imeinuliwa kwa vijiwe, kamba ikiwa imevutwa, na mlango au geti likiwa wazi juu ya ile kamba. Hiyo ya mwisho ndiyo imeniokoa mara nyingi. Ukifungua geti juu ya kamba unaona hapo hapo kama litakwaruza, na mteja anaona, na gharama ya fundi wa kuchomelea inazungumzwa wakati saruji bado iko dukani.

Hili la geti lako ningegawana naye. Umerudisha kimo alichokitaka, kweli, lakini yeye si fundi na asingeweza kuliona. Kukata sentimita chache chini ya geti na kuchomelea upya ukingo ni kazi ya asubuhi moja.

Na kwenye bei zangu nabakiza asilimia 10 ambayo mteja anashika mpaka mvua kubwa ya kwanza. Mwanzo vijana wangu walinung'unika. Lakini ile asilimia 90 sasa inalipwa siku ninayomaliza, bila kuzungushwa, kwa sababu mtu anajua nitarudi kuchukua yangu.

---

FundiZegeGoba

Wakuu, nimerudi. Tumekaa na mzee jana, na naandika kwa faida ya fundi mwingine atakayefika hapa.

Nilifanya kama MamaKimara alivyosema. Nilisalimia, nikakaa, nikamwambia nimekuja kuona maji. Tukamwaga maji, tukanywa chai. Saa moja baadaye vidimbwi vilikuwa viwili, kama alivyosema. Mzee alishika rula upande mmoja, mimi upande wa pili, mwanawe akasoma futi. Kile cha katikati kilikuwa milimita 4, na mzee mwenyewe akasema hicho tukiache. Cha pili kilikuwa milimita 11, pale zege jipya linapokutana na la zamani. Tukaweka pima maji, tukaona ukingo wa lile la zamani umeshuka kidogo na maji yanarudi nyuma yakifika hapo. Nilimwambia wazi: kimo cha la zamani sikukigusa, ila maungano ni kazi yangu, kwa hiyo nakata hapo na kupafungulia njia kwa gharama yangu.

Kadi ya benki haikuingia kwenye nyufa za nywele. Mzee alijaribu sehemu nyingi, na alipitisha kidole polepole sana, mpaka alipofika kwenye kona akasimama. Pale kuna ngazi. Akauliza hii imetoka wapi. Kabla sijafungua mdomo mama akasema, "Hiyo ni siku ya maji, ulikuwa Dodoma." Mzee alinyamaza, kisha akaniuliza kwa nini sikumpigia yeye. Nikamwambia nilimweleza mama na mlinzi na kuweka kizuizi, na kwamba kuanzia sasa mwenye hela ndiye nitakayempigia.

Tumeandika karatasi moja, nakala mbili. Kona navunja na kumwaga upya: saruji, kokoto na mchanga vyake, ufundi wangu. Geti tunagawana nusu kwa nusu fundi wa kuchomelea. Rangi ameiondoa kwenye madai. Amenilipa laki 6 pale pale, laki 3 inabaki mpaka kona ikauke na mvua moja kubwa ipite. Vijana wameshaanza kazi ya Madale.

Swali la mwisho kwa dada Teknishiani: kona niifunge vipi na zege la pembeni isije ikatitia peke yake?

---

TeknishianiUjenzi

Hongera kaka. Usivunje kwa kufuata ufa. Kata kwa diski mraba kamili mpaka kwenye mkato wa karibu, ndipo uvunje, ukingo ubaki wima. Angalia moramu ya chini. Boza likivunja kona, mara nyingi na chini huwa pamelegea, kwa hiyo shindilia upya. Kwenye upande usio na mkato toboa zege lililobaki katikati ya unene wake, chomeka vipande vya nondo za milimita 12, kila sentimita 30 hivi, nusu ndani nusu nje. Lowesha kuta za zege la zamani kabla ya kumwaga ila maji yasisimame.

Na wakati huu usitumie tofali. Fungeni geti kwa mnyororo na kufuli siku 7 kwa gari dogo, 28 kwa boza, ufunguo akae nao mzee. Maji ya tenki wajaze kabla hujamwaga, na wakiishiwa, boza lisimame barabarani livute mpira.