Naomba ushauri: wakala anataka nihamie marathoni mwaka huu

Binti wa Kondoa
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Mimi ni mkimbiaji wa kike mwenye umri wa miaka 21, mzaliwa wa Kondoa, na kwa sasa ninaishi Dodoma mjini, ambako ninafanya mazoezi na kikundi kidogo chini ya kocha anayejitolea. Nilianzia UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, nikapita UMISSETA ya sekondari, na tangu nimalize kidato cha sita nimekuwa nikikimbia mita 5,000 na 10,000 uwanjani, pamoja na nusu marathoni za barabarani ambazo zawadi zake ndizo zinazonilipia kodi ya chumba. Sasa amejitokeza wakala anayetaka nihamie marathoni mwaka huu huu na nikaishi kambini nje ya nchi. Mkataba wake ni wa miaka 5, unampa asilimia 30 ya kila nitakachoshinda, na hati yangu ya kusafiria itakaa kwake. Wakati huohuo, klabu moja ya jeshi imeonesha nia ya kunichukua. Mama anapendelea jeshi, kocha anasema nifuate fedha.

Jambo jingine ninaliandika kwa sababu hapa hakuna anayenifahamu. Tangu tuongeze kilomita, hedhi yangu imesimama, na ugoko wa kulia unaniuma hata nikiwa nimelala. Kocha anasema hedhi kusimama ni dalili kwamba mazoezi yamekolea.

Muuguzi wa Makole
Mdogo wangu, nitaanza na hilo la mwisho, maana mkataba unaweza kusubiri lakini mfupa hauwezi. Kocha wako amekosea. Mwili unaopata chakula kidogo kuliko kazi unayoifanya huanza kubana matumizi, na uzazi huwa miongoni mwa mambo ya kwanza kusitishwa. Homoni ya estrojeni ikishuka, mifupa hushindwa kujikarabati ipasavyo baada ya mazoezi, na nyufa ndogo hujitokeza, mara nyingi kwenye ugoko na nyayo. Mfupa unaouma usiku ni sababu tosha ya kuacha kukimbia leo, siyo kupunguza kasi. Nenda hospitali ueleze yote mawili kwa pamoja, na usikasirike wakikupima ujauzito kwanza, kwa kuwa ndio utaratibu. Omba upimwe wingi wa damu pamoja na ferritini, yaani akiba ya madini ya chuma, kwa sababu akiba inaweza kuwa imekwisha huku kipimo cha kawaida cha damu kikionekana kizuri.

Kuhusu chakula, ugali wa uwele na mlenda humtosha anayeshinda ofisini, lakini si wewe. Ongeza kiasi, kisha ongeza dagaa, maharage na maini. Kunywa juisi ya ubuyu pamoja na mlo kwa sababu vitamini C husaidia madini ya chuma kufyonzwa, na chai isogeze mbali na chakula. Dawa yoyote utakayopewa, uliza kwanza kama inaruhusiwa michezoni. Ruth Chepngetich wa Kenya, mwenye rekodi ya dunia ya marathoni ya 2:09:56, alifungiwa miaka 3 mwaka 2025 kwa dawa ambayo alieleza kuwa ilikuwa ya msaidizi wake wa nyumbani.

Mzee wa Mlimwa
Binti yangu, marahaba. Katika umri wako huohuo wa miaka 21, Zakia Mrisho, mzaliwa wa Singida hapo jirani, alishika nafasi ya sita katika mita 5,000 za mashindano ya dunia ya Helsinki mwaka 2005, kwa muda wa 14:43.87. Uwanja si mahali pa kupotezea muda. Hellen Obiri alimpata mtoto mwaka 2015, akatwaa medali ya fedha ya Olimpiki katika mita 5,000 mwaka uliofuata, akakimbia marathoni yake ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2022, na akashinda Boston mwaka 2023 akiwa na miaka 33. Magdalena Shauri wetu alishika nafasi ya tatu Berlin mwaka 2023 kwa 2:18:41 akiwa na miaka 27. Ukiingia marathoni ukiwa na miaka 25 hakuna kitakachokuwa kimekupita.

Zabibu za Hombolo
Mzee wangu, kwa heshima, uwanja haumlipii mtu kodi. Msichana anayejitegemea hawezi kuishi kwa medali za miaka kumi ijayo, na barabarani ndiko kuliko na fedha. Mimi nisingeikataa marathoni, ningeukataa mkataba huu. Kamisheni iliyozoeleka kwa mawakala ni asilimia 15, na mtu mzima hukaa na hati yake mwenyewe ya kusafiria. Uliza kama ana kibali cha Shirikisho la Riadha la Dunia, na hakikisha zawadi zinaingia kwenye akaunti yenye jina lako, siyo la kocha wala la mchumba. Jeshi nalo halikufungii njia ya nje: Alphonce Simbu, askari wa JWTZ na mzaliwa wa Singida, ndiye aliyetwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo mwaka 2025.

Binti wa Kondoa
Ninawashukuru sana. Jumatatu nitakwenda hospitali, na mazoezi nimeyasimamisha ingawa kocha amenuna. Wakala nimjibu vipi bila kumkasirisha?

Zabibu za Hombolo
Mwambie kwamba unauguza mguu na kwamba unahitaji nakala ya mkataba ili mwanasheria aisome. Wakala wa kweli amezoea mambo hayo mawili. Akirudi mezani, omba mwaka 1 badala ya 5.

Muuguzi wa Makole
Picha ya kawaida ya eksirei mara nyingi haioneshi ufa mdogo katika wiki za mwanzo. Wakikuambia mfupa ni mzima na maumivu yakaendelea, rudi ukaombe kipimo cha MRI. Hospitali ya Benjamin Mkapa wanacho.