Mbwa mpya mwoga anamngurumia mbwa wa nyumbani: niwaache wamalizane, niwafuge kwa zamu, au nimtafutie kwa kwenda?

MamaBosi, Mbezi Beach
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kwa wanaofuga. Wasiofuga msinirushie mawe. Tumemchukua jike mmoja, mbwa koko, alikuwa anazurura karibu na gereji ya huku kwetu. Tunamwita Kahawa. Ni mwoga kupita kiasi, ukiinua fagio tu anajibanza chini ya gari. Kwa watu ameanza kulegea, tatizo ni Bosi, dume letu la siku nyingi. Bosi akimsogelea, hasa karibu na chakula au mlango wa jikoni, Kahawa analaza masikio, anabana mkia, ananguruma. Hawajaumana.

Kila mtu ana lake. Mlinzi anasema waachwe wamalizane. Mume wangu anataka mmoja afunguliwe mchana, mwingine usiku. Jirani anamjua kijana anayefundisha mbwa kwa fimbo. Shemeji anasema atafutiwe kwa kwenda. Ipi ina afadhali?

Mzee wa Goba
Mlinzi yuko sahihi. Mimi nafuga wa ulinzi, walivurugana mwanzoni, sasa hivi wanalala banda moja. Mbwa wana sheria zao, nyie wa mjini mnawadekeza.

Nahodha_Kgm
Mzee wangu, shikamoo, lakini Goba una eneo. Aliyeshindwa anakimbilia migombani, yameisha. Hawa wa Mbezi wako ndani ya ukuta, kuna gari, tenki la maji na kibaraza. Mwoga akikosa pa kukimbilia anauma, na hapo hamna sheria tena.

Fimbo ndiyo mbaya kuliko zote. Atanyamaza, ndiyo, ila hofu itabaki palepale na sasa Bosi akitokea anajua na kipigo kinakuja. Mbwa aliyezoezwa kutonguruma anauma bila taarifa. MamaBosi, huo mngurumo mshukuru, anakuambia mapema.

Duka la Dawa Temeke
Kabla ya yote, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Mbwa wa mtaani huku Dar huja na kupe, na kupe huleta homa zinazomlegeza mbwa na kumtia maumivu. Masikio yenye usaha, jino bovu, nyonga iliyowahi kugongwa na bodaboda: mbwa mwenye maumivu hataki kusogelewa na yeyote. Apate na chanjo ya kichaa cha mbwa, na ya Bosi iwe haijapitwa, maana hurudiwa kwa ratiba ya daktari.

Mtakuja kuambiwa kuhasi kunamaliza ugomvi. Kuhasi kuna faida zake, ila woga hakuuponyi.

Na wakishikana, usitie mkono. Mwaga maji, gonga sufuria, sukuma ubao katikati yao. Mtu akiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wako.

Bi Tanga
Sisi tunafuga wa nje tu, banda mbali na mlango, lakini hili limetuhusu pia. Zamu ya baba watoto ni nzuri mkiwa kazini au mmelala, haina ubaya. Ila ikiwa ndiyo dawa peke yake, hawatazoeana mpaka wazeeke. Na atakayekuwa zamu ya ndani asifungwe mnyororo, mwoga akifungwa anazidi kuwa mkali. Mpe chumba au banda lenye mlango.

Kilichotusaidia ni wavu wa kugawa ua. Mwanzoni tuliuziba kwa gunia, wakawa wanasikiana harufu bila kuonana. Tukabadilishana matandiko, huyu analalia ya yule. Kisha gunia likatolewa kidogo kidogo, kila mmoja akilia chakula upande wake, mbali na wavu. Akila kwa utulivu, kesho sahani inasogezwa hatua. Akiacha kula na kukodoa macho, umekimbilia mbele mno, rudisha nyuma.

Halafu matembezi. Watu wawili, kila mtu na mbwa wake na kamba iliyolegea, ufukweni alfajiri kabla jua halijakolea na kabla vijana hawajaanza mpira. Tembeeni uelekeo mmoja, mmeachana vya kutosha asijali. Wasikutanishwe pua kwa pua! Kila Kahawa akimtazama mwenzake na kutulia, mtupie kipande cha ini la kuchemsha, lisiwe na chumvi wala kitunguu. Umbali utapungua wenyewe. Akianza kupiga miayo hovyo au kujilamba mdomo, hiyo si njaa wala usingizi, ni wasiwasi, mwongezee umbali.

Mzee wa Goba
Ini la ng'ombe kwa bei ya sasa apewe mbwa koko. Haya.

Bi Tanga
Vipande vya ukubwa wa punje ya hindi, Mzee. Nusu kilo inakaa.

Nahodha_Kgm
Na hoja ya shemeji isidharauliwe. Wakishaumana hadi damu, au kuna mtoto mdogo anayepita katikati yao, kumhamishia nyumba isiyo na mbwa mwingine si ukatili. Ukatili ni kumrudisha gereji.

MamaBosi, Mbezi Beach
Asanteni sana. Daktari Jumatatu, na nimemwita fundi wa wavu. Zamu itabaki ya usiku. Ila nimewaangalia leo: Bosi ndiye anayesimama mlangoni na kumkazia macho, Kahawa ananguruma baadaye. Hili nalo?

Bi Tanga
Basi mwanafunzi wa kwanza ni Bosi. Mfundishe kuitwa na kuja, kwa ini lilelile, kisha mwite kila akianza kukodoa. Na mlango wa jikoni ufungwe, pasiwe na cha kugombea.

MamaBosi, Mbezi Beach
Sawa. Wavu uwe kimo gani? Bosi anaruka.

Duka la Dawa Temeke
Kimo cha mtu mzima. Na chini mwambie fundi auzike, huyo jike wa gereji atachimba.