Ushauri: Kompyuta ndogo niliyoiunda mwenyewe inachemka hadi nyuzi 95, na harusi za watu zinanisubiri

Kijana wa Chikongola (mwanzisha uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Niko Mtwara mjini, napiga na kuhariri video za harusi. Nimeunda kompyuta ndogo ya mezani: prosesa ya AMD Ryzen 7 5700G, bodi ndogo ya mini-ITX, RAM ya GB 32, haina kadi ya picha. Kipozeo ni Noctua NH-L9a, kile kifupi cha milimita 37. Ikiwa imetulia inasoma nyuzi 31. Nikianza kurenda (kutoa video kamili baada ya kuhariri), dakika chache tu imeshafika 95, na kuanzia hapo inakwenda kinyonga. Pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozeo nimebadilisha, feni inazunguka. Wenye harusi wameshaanza kupiga simu na mmoja amesema anataka hela yake. Swali langu ni moja tu: kipozeo cha maji chenye feni ya milimita 120 kitanisaidia? Nawasilisha.

FundiBodi
Mkuu, 95 ndiyo kikomo cha 5700G. Ikifika hapo inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, kwa hiyo haijafa, inajilinda. Halafu usidanganyike na wati 65 za kwenye boksi. Ikiwa na kazi nzito inaruhusiwa kuvuta hadi 88, na hicho kipozeo kwa joto la pwani kinabanwa kwelikweli. Lakini hata kikibanwa, dakika chache ni haraka mno. Kompyuta imekaa ndani ya kasha gani? Weka picha.

Mama Nasra Masasi
Mwanangu, ungenunua laptopu nzuri ya mtumba ukaanza kazi siku hiyohiyo. Vijana mnapenda kuunda vitu, na mteja wa harusi hajali umeunda nini, anataka video yake.

Mzee wa Mikindani
Mama Nasra usimvunje moyo. Mimi nilikuwa na studio ya picha enzi za filamu. Tulipiga picha huku, filamu tunampa dereva wa basi aipeleke Dar kusafishwa, na masika barabara ya Kibiti ikikatika bibi harusi anaona picha zake akiwa na mimba kubwa. Leo kijana anamaliza kila kitu mezani kwake. Endelea, mwanangu.

Kijana wa Chikongola
Asante mzee wangu, shikamoo. FundiBodi, kasha ni la kawaida tu. Naombeni turudi kwenye kipozeo cha maji.

Lindi Moja
Uza hiyo Ryzen uchukue Intel.

FundiBodi
Lindi Moja, i5-12400 ya Intel nayo imeandikwa wati 65 na ikikimbia inaruhusiwa kufika 117. Kubadili jina hakupunguzi joto.
Kijana, "kasha la kawaida" ni lipi? La bati? Lina wavu? Juu ya feni pamebaki nafasi kiasi gani? Kipozeo chako kinavuta hewa kutoka juu na kuisukuma chini kwenye bodi. Kikikosa hewa ya kuvuta, kinarudia kuvuta moto wake wenyewe. Bila kujua hilo ninapiga ramli.

Kijana wa Chikongola
Sawa. Ni sanduku la mninga. Alinichongea mjomba wangu, lina nakshi kifuniko kizima. Nyuma lina tundu la nyaya. Kifuniko nimekifunga kwa skrubu na pembeni nimeziba na mpira, kwa sababu duka langu limepakana na ghala la korosho na msimu huu malori yanashusha usiku na mchana, vumbi halielezeki. Kutoka kwenye feni mpaka kwenye kifuniko ni kama unene wa kidole.
Najua mtasema nitoboe. Siwezi. Mtaji wa kompyuta hii ametoa mjomba na kila jioni anakuja kukaa dukani, sanduku lake liko mbele ya wateja. Na kipozeo cha maji nimeshalipia nusu kwa jamaa wa Kariakoo, kinakuja kwa basi wiki hii. Ndiyo maana nimeuliza maji, sikuuliza sanduku.

FundiBodi
Kumbe! Kaka, umeifungia kompyuta ndani ya sanduku la mbao lisilopumua. Bati angalau linapitisha joto kwenda nje, mbao nene inalizuia.
Na maji hayatengenezi baridi. Yanachukua joto kwenye prosesa na kulipeleka kwenye redieta, halafu feni ya redieta inalimwaga hewani. Redieta ikikaa ndani ya sanduku hilohilo, umehamisha moto sentimita chache tu. Ukitaka ikae nje, mipira yake ya kupitishia maji imeunganishwa kiwandani, haifunguki, na redieta haipiti kwenye tundu la nyaya. Kwa hiyo na hicho kipozeo utatoboa vilevile, tena tundu kubwa zaidi.

Kijana wa Chikongola
Ila video za watu wa nje wanasema maji yanashusha hata nyuzi ishirini.

FundiBodi
Kwenye makasha yenye wavu pande zote, ndani ya vyumba vya nyuzi 21. Chumba kikipanda nyuzi moja, prosesa nayo inapanda karibu nyuzi moja.

Kipimo Sahihi
Samahanini, uzi huu nina wasiwasi nao. Mimi naishi Shangani, upepo wa bahari unanipiga dirishani, na bado mchana huu chumbani ni nyuzi 32. Huyu yuko Chikongola, jirani na ghala, kompyuta imezibwa kwa mpira, halafu anasema ikitulia inasoma 31? Feni haiwezi kuipoza prosesa ikawa baridi kuliko hewa inayoivuta. Ama hakuna kompyuta, ama hakuna sanduku. Na huyo muuza vipozeo wa Kariakoo nasubiri namba yake ya simu iwekwe hapa.

Lindi Moja
Nilijua! Tangazo hilo.

Mama Nasra Masasi
Jamani, na mimi nimeshamwonea huruma.

Kijana wa Chikongola
Siuzi chochote. Jina la jamaa sijalitaja na sitalitaja. Hiyo 31 ilikuwa siku ya kuijaribu, ofisini kwa rafiki yangu, bodi iko mezani wazi, AC iko 18. Nikarenda pale na haikuvuka 74. Tangu iingie kwenye sanduku sijaiangalia ikiwa imetulia, nilikuwa naangalia ile 95 tu.

Kipimo Sahihi
Hapo sawa, nimekuelewa. Lakini usingebanwa usingesema.

FundiBodi
Basi kipozeo chako kizima na pesti iko vizuri. Fanya hivi usiku huu. Toa kifuniko, renda video ileile, soma namba. Kisha ingia BIOS, yaani mipangilio ya bodi kabla kompyuta haijawaka, tafuta cTDP, ndiyo kikomo cha wati za prosesa, weka 45. AMD wenyewe wanairuhusu hii prosesa kati ya 45 na 65. Itachelewa kidogo, lakini mwendo wa 45 usioyumba ni bora kuliko kukimbia na kukwama.

Kijana wa Chikongola
Nimerudi. Bila kifuniko, 84. Bila kifuniko na cTDP 45, 73, imerenda harusi nzima haijakwama. Nilipokirudisha kifuniko na 45 hiyohiyo, 91 na bado inapanda. Lakini siwezi kuiacha wazi na hili vumbi, na mjomba kesho anakuja.

Mzee wa Mikindani
Sasa nisikilize mimi, maana hawa mafundi hawajagusa penye shida. Kwetu mjomba ni mtu mzito, na ukichukua dirili nyuma ya mgongo wake umemdharau. Usitoboe wewe. Nenda nyumbani kwake, usimsubiri dukani mbele ya wateja. Mpe salamu, mweleze kwamba kazi yake inaungua kwa ndani, na umwombe atoboe yeye. Mchongaji anajua kupenyeza tundu katikati ya nakshi hata likaonekana lilikuwepo toka mwanzo. Milango ya huku Mikindani yenye nakshi ilichongwa na watu waliojua hayo.

FundiBodi
Mzee umemaliza. Kijana, mpelekee mjomba vipimo: feni ni ya milimita 92, kwa hiyo uwazi wote juu yake ukijumlishwa usipungue eneo la feni hiyo, na nakshi iwe nyembamba isizibe. Hewa ya moto itokee ubavuni, pande zote mbili, chini usawa wa bodi. Kwa ndani gundisha kitambaa cha chandarua kizuie vumbi, na ukioshe kila wiki msimu huu wa korosho. Kikijaa vumbi umerudi kwenye mpira wako.

Kijana wa Chikongola
Naenda kwake kesho asubuhi kabla sijafungua duka. Jamaa wa Kariakoo nimempigia, anasema mzigo haujapakiwa ila hela harudishi, anaweza kunipa kitu kingine cha thamani hiyo. Nichukue nini?

FundiBodi
Feni mbili za milimita 80 za kutolea hewa ubavuni. Mwambie mjomba kabla hajaanza kuchonga.