Nimekutwa na saratani ya tezi dume Leicester, naandika nikiwa Ujiji

Kutoka: Baba Sada (Leicester, kwa sasa Ujiji)

Assalaam aleikum, na habari zenu nyote.

Wengi mnanijua kwa habari za mizigo na tiketi za bei nafuu. Leo nina jingine, na atakayelisoma naomba asilirushe kwenye magrupu ya WhatsApp kabla hajafika mwisho. Mwezi wa pili mwaka huu nilikutwa na saratani ya tezi dume. Nina miaka 54. Niko nyumbani Ujiji wiki ya pili sasa, na juzi ndiyo kwanza nimewaambia kaka zangu. Miezi saba katika familia tulikaa nayo wawili tu, mimi na mama Sada.

Sikuwa naumwa. Hilo ndilo watu hawaliamini. Nilikuwa naingia shifti za usiku ghalani kama kawaida, nakula, nalala. Kuna Mjamaika tunafanya naye kazi, kaka yake alifariki kwa ugonjwa huu, basi kila tukikaa kunywa chai ananiuliza: umeshapima? Nikaenda kwa GP, yaani daktari wa mtaani, ili tu yule Mjamaika aniache. Uingereza mwanamume akifika miaka 50 anaweza kuomba kipimo cha damu cha PSA, protini inayotoka kwenye tezi dume, bila kulipa na bila kuwa na dalili yoyote, lakini hawakuiti. Kile cha utumbo mpana kinakufuata mpaka nyumbani kwa posta. Hiki usipokiomba hukipati. Na hakuna kidole cha kuingizwa nyuma. Najua hapo ndipo wengi mnapoanza kutafuta mlango. Ni damu ya mkononi, basi.

PSA ikaja 6.8, imepanda. Nikapigwa picha ya MRI, kisha wakachukua vinyama. Sindano zinapita kwenye ngozi iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa, umepigwa ganzi. Maumivu si makubwa, aibu ndiyo kubwa: umelala miguu juu kama mama anayejifungua, na pembeni redio inapiga muziki. Mkojo ulikuwa na damu siku chache, mbegu zikawa na rangi ya kutu wiki kadhaa. Walinitahadharisha mapema. Wasingenitahadharisha, hofu ingenimaliza kabla ya majibu.

Sasa nije kwenye kosa langu. Kiingereza changu ni cha ghalani: pandisha, shusha, weka hapa. Waliponiuliza kama nataka mkalimani nikasema hapana, kwa sababu Waswahili wa mji ule wote tunajuana, na mkalimani wa leo ndiye MC wa harusi ya Jumamosi. Binti yangu ana miaka 16, anazungumza kama Mwingereza, lakini nitamwambiaje mtoto amuulize daktari habari za uume wa baba yake? Siku ya majibu wakanilazimisha kumchukua mkalimani wa simu. Bwana yule, Mungu amsamehe, kila daktari alipotaja tezi dume yeye akatafsiri kibofu. Nikaenda nyumbani nikiwa na saratani ya kibofu. Wiki tatu nasoma habari za kibofu usiku kucha kwenye simu, naona watu wanatolewa kibofu kizima, wanavaa mfuko. Mpaka barua ilipokuja, binti wa rafiki yangu anayesomea famasi akanisomea: mjomba, hii siyo kibofu.

Kwa hiyo ukipewa mkalimani, mwambie arudie kwa Kiswahili kile alichoambiwa, na umuulize hicho kiungo kiko wapi mwilini. Kama unaogopa umbea, omba wa simu, wa mji mwingine, mwanamume. Ni bure, na jina lako huna haja ya kumtajia. Na barua yoyote anayoandikiwa GP wako, omba nakala.

Majibu yenyewe yalikuwa Gleason 3+3, daraja la chini kabisa katika saratani za tezi hii, na haijatoka nje ya tezi. Nesi akaniambia kwa uso wa furaha kwamba kwa sasa hawatanifanya chochote, watanifuatilia tu: PSA kila baada ya miezi mitatu au minne, MRI tena mwakani. Yeye anatabasamu, mimi moyoni nasema, tayari, wameshanipigia hesabu, Mwafrika huyu hana faida.

Kwa nini sikusema nyumbani? Mnajua wenyewe. Mimi ndiye ninayetuma. Bati za nyumba ya mama ni mimi, ada za watoto wa dada ni mimi. Mtumaji akiugua, simu zinabadilika: nusu wanakulilia, nusu wanaharakisha kuomba kabla hujafa. Na ugonjwa wenyewe ni huu wa kutaniwa barazani.

Kilichonivunja ni chombo cha mkojo. Baada ya vipimo hospitalini walinipa kijagi cha karatasi ngumu nikojolee, wapime kiasi. Nikakishika, nikamwona mzee wangu. Mzee alikuwa na kopo la rangi chini ya kitanda, kila usiku tunasikia likigonga sakafu, mara nne, mara tano. Asubuhi analimwaga mwenyewe, hataki tuliguse. Mwaka wake wa mwisho mgongo ukamshika hata kuinuka kwa ajili ya swala akawa anashindwa, tukasema ni nyavu, amevuta nyavu Kibirizi miaka 40. Akafa 2006. Hakupimwa, kwa hiyo sisemi alikuwa na nini. Lakini nesi aliponiuliza habari za baba na kaka, hilo kopo ndilo lililonijia.

Ndiyo maana nimekuja. Juzi baada ya isha tulikaa uani, migebuka imeshaliwa, nikawaambia. Kaka mkubwa kimya, halafu akauliza: "Kwa hiyo umekwisha?" Sijui aliuliza uhai au ule mwingine. Nikamjibu vyote viwili bado vipo. Wakacheka kidogo. Kaka wa pili hakucheka. Akainuka kwenda chooni, akarudi, akasema akiwa bado amesimama: "Mimi kwa usiku ni mara sita. Huu mwaka wa pili." Anakunywa mizizi inayoletwa kutoka Kasulu, na mkewe tu ndiye anayejua.

Nilisafiri kilomita zote hizo kwenda kutoa siri yangu, kumbe kuna mwenzangu na yake.

Wenye uzoefu wa kazi, bima ya safari na vipimo vya huku, nawasikiliza.

Kutoka: Mama Neema (muuguzi, Birmingham)

Baba Sada, pole sana, na hongera kwa kwenda. Kuna wanaume hapa nimewatandikia mimi kitanda cha hospitali, na wake zao waliambiwa ni mgongo.

Kwanza neno lenyewe. Huku kwetu watu husema "fulani ana tezi dume" kama vile ni ugonjwa. Kila mwanamume anayo. Ni tezi iliyo chini ya kibofu, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Umri ukienda, inaweza kuvimba kwa ndani ikabana njia ile, ndiyo hizo safari za usiku, mkojo kukatika na kudondoka. Uvimbe huo wa kawaida si saratani. Saratani mara nyingi huanzia sehemu ya nje ya tezi, mbali na njia ya mkojo, kwa hiyo mwanzoni mtu hasikii kitu, kama wewe. Maana yake kaka yako wa mara sita huenda hana saratani, na kaka mkubwa anayelala fofofo huenda anayo. Wote wapime.

Kwa Uingereza, mwanamume mmoja kati ya 8 hupata saratani hii katika maisha yake. Kwa sisi weusi ni mmoja kati ya 4. Baba au kaka akiwa nayo, hatari inazidi mara mbili na nusu hivi. Kwa hiyo wadogo zako walio nje wasingoje 50. Wakifika 45 waende kwa GP, waitaje hiyo historia ya nyumbani.

Kabla ya kipimo: saa 48 bila tendo la ndoa wala kujichua, bila baiskeli wala mazoezi mazito. Ukiwa na maambukizi ya mkojo, tibu kwanza, subiri wiki sita hivi. Wa bodaboda za baiskeli wausome mstari wa baiskeli mara mbili. Anayekunywa finasteride, dawa ya kupunguza tezi iliyovimba, aseme, maana hushusha PSA kwa karibu nusu na kumdanganya daktari. Na hiyo mizizi aseme pia. Sisemi ni mibaya, siijui. Daktari naye haijui mpaka aambiwe.

Kuhusu kufuatiliwa: hawakukupigia hesabu. Kuna utafiti wa hapa hapa Uingereza unaoitwa ProtecT, wanaume 1,643 ambao saratani yao ilikuwa bado ndani ya tezi, wengine wakapasuliwa, wengine mionzi, wengine wakafuatiliwa tu. Majibu ya miaka 15 yalitoka 2023: katika makundi yote matatu, waliokufa kwa saratani hiyo ni karibu 3 kwa kila 100. Tofauti ilikuwa kwenye madhara. Waliopasuliwa ndio waliosumbuka zaidi na mkojo na nguvu. Ila kufuatiliwa maana yake uende kila tarehe. Ukikosa miadi miwili kwa sababu ya ovataimu, hapo hakuna kufuatiliwa tena.

Kazini: kwa Sheria ya Usawa ya 2010, saratani inahesabiwa kuwa ulemavu tangu siku ya kugunduliwa, hata kama unabeba mizigo kama jana. Mwajiri anatakiwa akurekebishie mambo kwa kiasi, muda wa kwenda kliniki ukiwamo. Si lazima bosi aujue ugonjwa wako, lakini asipoujua huwezi kumdai. Siku ukianza matibabu, omba cheti cha msamaha wa malipo ya dawa. Kinadumu miaka mitano, na dawa zote unazoandikiwa na daktari unapata bure, hata za mafua. Bima ya safari: taja ugonjwa. Ukificha, siku ya kudai wataufukua.

Kutoka: Mzee wa Katonga (Minneapolis)

Mimi nilitolewa tezi yote 2021. Yangu haikuwa ya kungoja. Mama Neema amesema "mkojo na nguvu" kwa haraka kama wauguzi wote. Mimi nitasema taratibu.

Walinitoa mpira wa mkojo siku ya kumi. Nikasimama, na maji yakaja yenyewe, kama bomba lisilo na koki. Nilivaa pedi miezi minne. Dukani nilikuwa nanunua usiku, naziweka chini ya mkate na maziwa. Siku moja nilipiga chafya msikitini. Sitaki kuendelea. Mazoezi ya kukaza misuli ya chini, ile unayoibana kuzuia ushuzi mbele ya wakwe, yaanzeni kabla ya kupasuliwa. Mimi nilidharau.

Na ile nguvu, kuna vidonge, kuna pampu, na kwa wengine inarudi kidogo kidogo baada ya mwaka au miwili. Kwangu haijarudi kama zamani. Mke wangu alidhani nina mwanamke mwingine kwa jinsi nilivyokuwa nahamia sebuleni. Mwaka mzima amedhani hivyo! Nikamwambia ukweli tukiwa kwenye gari, kwa sababu kwenye gari mtu humwangalii usoni.

Walio Marekani: hospitali isiyo ya faida inatakiwa kisheria iwe na mpango wa kuwasaidia wasioweza kulipa. Uliza kabla hujalipa hata dola moja, na udai bili yenye mchanganuo. Yangu ilipungua zaidi ya nusu.

Kutoka: Shabani wa Gungu (Oslo)

Poleni wazee wetu. Samahani kuuliza hapa, Baba Sada, mzigo wako wa kurudi una nafasi ya dagaa kilo mbili?

Kutoka: Baba Sada (Ujiji)

Shabani, hakuna nafasi, na wewe una miaka 47. Soma alivyoandika Mama Neema.

Ndugu zangu, ahsanteni. Mzee wa Katonga, nimemsomea mama Sada kwenye simu maneno yako yote. Alicheka kwenye chafya, kisha akanyamaza.

Tulikwenda Jumatatu maabara mjini, kaka wote watatu na binamu mmoja aliyeshuka kwenye bajaji njiani akisema amesahau simu. Tunamsubiri mpaka leo. PSA ya kaka mkubwa 2.1. Mdogo wangu 1.4. Kaka wa pili 38. Daktari wa hospitali ya Maweni amemweleza vizuri kwamba namba hiyo peke yake haisemi saratani, tezi iliyovimba au maambukizi pia huipandisha, lakini lazima achukuliwe kinyama. Ametuandikia rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza. Ikibidi mionzi, pale ipo, au Ocean Road, Dar es Salaam. Mizizi ya Kasulu niliifungua mbele ya daktari kwenye gazeti. Aliinusa, akaandika kwenye faili.

Nimesogeza tiketi wiki mbili. Kazini nimewaandikia meneja na rasilimali watu, mara ya kwanza nimelitaja jina la ugonjwa kwa maandishi. Wamejibu kwa mistari miwili, wamekubali.

Basi linaondoka alfajiri. Kaka hataki dirishani, ameomba kiti cha karibu na mlango. Kondakta nimeshampa elfu kumi na kumwambia: huyu mzee akinyoosha mkono, gari lisimame, usimuulize kwa sauti.