Senta wa ribaundi 10 akitoka, ulinzi unatulia. Nimpime vipi?

vikapu_malindi

Asalaam aleikum wanajukwaa. Timu yangu ya mpira wa kikapu ina masenta wawili (wale warefu wa chini ya ringi) na nafasi moja ya kuanzia. Daftari la mchezo uliopita linasema hivi: mrefu zaidi alicheza dakika 26, akapata ribaundi 10, yaani mipira aliyodaka baada ya mtupo kukosa (7 za ulinzi kwenye ringi yetu, 3 za ushambulizi kwenye ringi yao), na bloku 3, yaani mitupo ya wapinzani aliyoizuia. Mwenzake alicheza dakika 14 zilizobaki, akapata ribaundi 5 (4 za ulinzi), bloku hana. Kwenye ringi yetu sisi tulichukua ribaundi 28, wapinzani 14. Watazamaji wanamtaka wa kwanza, lakini kila akikaa benchi leiapu za wapinzani (mitupo ya mbioni chini ya ringi) zinapungua. Natafuta hesabu ya kalamu na karatasi, maana video hatuna. Ni dakika 40 za FIBA (shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu), uwanja wa saruji, wazi.

meza_ya_takwimu

Waleikum salaam mwalimu. Weka kando hiyo 10. Ribaundi haina maana mpaka ujue ni mipira mingapi iliyokosa kuingia yeye akiwa ndani.

Kwa ulinzi, jumlisha ribaundi zenu za ulinzi na za ushambulizi za wapinzani: 28 + 14 = 42. Hiyo ndiyo mipira iliyokuwa ikigombewa chini ya ringi yenu. Zidisha kwa dakika zake, ugawe kwa 40. Mrefu: 42 × 26 ÷ 40 = 27.3. Amechukua 7, sawa na asilimia 25.6. Wa pili: 42 × 14 ÷ 40 = 14.7, amechukua 4, asilimia 27.2. Kwa ulinzi hawapishani. Dakika ndizo zilizomkuza mmoja.

Za ushambulizi zipigie hesabu yake peke yake: zenu za ushambulizi pamoja na za ulinzi za wapinzani. Usizichanganye kamwe. Ribaundi ya ulinzi mara nyingi inamkuta aliyekwisha kusimama mahali pake, ya ushambulizi inafuatwa. Anayepata 3 za ushambulizi anakupa zamu tatu mpya, na kwa sheria za FIBA kila moja inarudisha saa ya mtupo (muda wa timu kutupa mpira) kwenye sekunde 14.

Ukiweza, acha kukadiria kwa dakika. Hesabu mipira yenyewe iliyokosa akiwa ndani. Kuna robo wapinzani wanakosa mitupo 12 na robo wanakosa 5, na dakika hazijui hilo.

beki_wa_zamani

Hesabu ya meza ni sahihi lakini bado inatazama mikono ya mtu mmoja. Senta mzuri anaweza kumaliza mchezo na ribaundi 5 na bado awe ndiye aliyeshinda vita ya ribaundi. Msimu wa 2016-17 Oklahoma City, timu ya NBA (ligi ya Marekani), Russell Westbrook alipata wastani wa ribaundi 10.7 kwa mchezo naye ni beki, mchezaji wa mbali na ringi. Steven Adams, senta wao, alipata 7.7. Adams alikuwa akimziba mpinzani wake kwa mgongo asiufikie mpira, mpira unaanguka, Westbrook anaudaka na kuondoka nao mbio. Ukisoma safu ya ribaundi tu, utasema Adams mvivu.

Kwa hiyo uliza swali moja: akiwa ndani, *timu* inachukua asilimia ngapi ya mipira inayokosa kwenye ringi yenu?

Na zigawe ribaundi zake kwa alama tatu. G: ya kugombewa, mpinzani yuko ndani ya mita moja hivi. B: ya bure, hakuna mtu karibu. H: imetoka kwenye mtupo huru. Hizi H zinadanganya sana. Kwenye mitupo huru walinzi wanapewa nafasi 3 na washambulizi 2, na zile mbili zilizo karibu na ringi ni za walinzi. Anayesimama pale anaokota mshahara wa nafasi, si wa kazi. Senta mwenye 10 ambazo 6 ni B na H ni mtu tofauti kabisa na mwenye 6 zote G.

vikapu_malindi

Ahsanteni. Mwandishi wetu huandika kila mpira unaokosa na nani yuko ndani, nimerudi kuhesabu. Mrefu akiwa ndani: mipira 27, tulichukua 17. Wa pili: mipira 15, tulichukua 11. Yaani asilimia 63 kwa 73. Basi jibu si hilo?

meza_ya_takwimu

Bado, mwalimu. Katika hiyo 15, mpira mmoja tu ukibadilisha mikono 73 inashuka hadi 67. Miwili, iko 60, chini ya mwenzake. Huo ni mchezo mmoja. Endelea hadi ufikie mipira 150 kwa kila mmoja, ambapo mpira mmoja hauna uzito hata wa asilimia moja. Pengo la 10 likibaki pale, liamini.

Andika pia alikuwa anacheza *dhidi ya* nani na *pamoja na* nani. Akiba mara nyingi anaingia wakati wapinzani nao wameketisha wakali wao. Njia rahisi ni hii: katika michezo miwili inayokuja, wabadilishe dakika. Yule wa pili aanze dhidi ya watano wao wa kwanza.

ringi_na_upepo

Niongeze la uwanja, maana wengi hapa Malindi tunacheza nje. Kusi ikishika, mitupo ya mbali inakosa upande mmoja, na mpira wa pointi tatu ukigonga ringi unaruka mbali, unaangukia mabeki. Senta wako hataugusa, wala si kosa lake. Tenga mipira iliyotupwa kutoka mbali na ile ya karibu. Na kwa kuwa timu zinabadilishana ringi baada ya mapumziko, usilinganishe dakika za huyu kipindi cha kwanza na za yule kipindi cha pili. Linganisha nusu kwa nusu.

Sasa bloku, ambazo ndizo zinazompa sifa huyo mrefu. Bloku moja ina miisho mitatu: mpira umebaki kwenu, umetoka nje, au umerudi kwa mpinzani. Ukitoka nje, wapinzani wanarusha tena na saa inaendelea tu. Ni nafuu, lakini zamu bado ni yao. Bloku 3 zilizorushwa jukwaani hazifikii 1 iliyoangukia mkononi mwa beki wenu.

Lililo kubwa zaidi ni miruko isiyogusa mpira. Kila anaporuka, weka nukta, kisha andika kilichofuata: bloku, faulo, kikapu, au ribaundi ya mpinzani. Anayerukia kila danganyo anaacha mtu wake bila kuzibwa, na huyo ndiye anayeokota mpira na kuurudisha ndani. Nadhani zile leiapu za wapinzani zinatoka hapo. Faulo nazo zihesabu kwa dakika: kwa FIBA ya tano inamtoa, na ya tano ya timu katika robo inawapa wapinzani mitupo huru miwili.

Kipimo ninachokitegemea ni cha chini ya ringi. Chora kwa chaki nusu duara ya mita 1.25 kutoka katikati ya kikapu, hata kama uwanja wenu hauna. Kila senta akiwa ndani, hesabu mitupo ya wapinzani kutoka humo: mingapi imejaribiwa, mingapi imeingia. Hiyo ya kwanza ndiyo watu wanaisahau. Rudy Gobert amepewa tuzo ya mlinzi bora wa NBA mara nne, na sehemu kubwa ya kazi yake ni mitupo ambayo mpinzani ameamua kutoitupa. Mtu anaingia, anamwona, anarudisha mpira nje. Hakuna safu ya bloku inayoandika hilo.

vikapu_malindi

Naona. Na ile ribaundi anayoigonga kwa vidole ikaenda kwa mwenzake, nimwandikie nani?

beki_wa_zamani

Kama ameielekeza, yake. Kama imemgonga tu ikaenda popote, aliyeidaka. Mpe mtu mmoja kazi ya kumtazama senta peke yake, asifuate mpira. Mtupo ukitoka mkononi mwa mpinzani, anaandika jambo moja kabla mpira haujafika ringi: amemziba mtu au hajamziba. Katika michezo minne utaanza kuona jibu la nafasi yako ya kuanzia.