Kampuni za mawese zikivuna bei kubwa zikatwe zaidi au ziachwe?

Mzee wa Mizania: Wakuu salama? Kuna kitu kinanikera kwenye hizi kampuni za mashamba ya michikichi kule Malaysia na Indonesia. Bei ya mawese ikipaa, ripoti ya mwaka inakuja na picha ya mwenyekiti anacheka, eti uongozi mahiri, gawio nono. Bei ikianguka, mara ukame wa El Nino, mara mvua, mara vita. Machi 2022 tani moja ilivuka ringgit 7,000 (hela ya Malaysia) pale Bursa Malaysia, soko lao la hisa na bidhaa, sababu kubwa alizeti ya Ukraine ilikwama bandarini. Nani shambani alifanya cha ziada? Miti ileile, kinu cha kukamulia kilekile. Hiyo ni faida ya kuokota, serikali ikate haswa. Karibuni tujadili.

DadaHisa: Ya kuokota kivipi mzee wangu na mwaka huohuo mbolea ilipanda hakuna mfano? Halafu unaongea kana kwamba hawakatwi. Malaysia kuna tozo ya bei ikizidi, mwaka ule kikomo kilikuwa ringgit 3,000 kwa tani Peninsula, yaani Malaysia ya magharibi, na 3,500 majimbo ya Sabah na Sarawak, juu ya hapo wanakula asilimia 3 ya kilichozidi. Sabah na Sarawak wana kodi yao ya mauzo pembeni, bado kodi ya mapato asilimia 24. Na hiyo tozo inaangalia bei tu, haijali una faida au hasara. Gharama nyingine ni vibarua, watu wasio na ujuzi wowote unawatoa Indonesia na Bangladesh unawajengea na nyumba, Korona ilipofunga mipaka mikungu ikaozea juu ya miti. Hata bei iwe elfu kumi utaivunaje?

Kisu Kirefu: "Wasio na ujuzi wowote." Mengine yote sijayasoma, nimeishia hapo. Dada yangu umewahi kushika mundu wenye mpini wa mita kumi uko chini ya mti unatafuta mkungu wa kilo ishirini na kitu ambao ukikosea unakuangukia wewe? Mimi nimeifanya hiyo kazi. Ukikata mbichi mafuta hamna, ukichelewa punje zinamwagika chini na asidi inapanda, mnunuzi anakata bei. Unaangalia tu rangi na punje ngapi zimedondoka, unaamua papo hapo, mti kwa mti kutwa nzima. Wewe uko kwenye kiyoyozi unasoma jedwali.

DadaHisa: Kiyoyozi kimeingiaje hapa? Nimesema kazi haihitaji cheti, usiniwekee maneno mdomoni.

Kisu Kirefu: Umeandika "wowote", rudi juu usome. Haya, hesabu hiyo mnayoipenda. Kinu kinatoa kama asilimia 20 ya mafuta kwenye mikungu. Watu wakikata ovyo ikashuka mpaka 19, kwa kila tani laki moja za mikungu umepoteza tani elfu moja za mafuta. Kwa bei ya 4,000 hizo ni ringgit milioni nne zimeachwa shambani. Mwenyekiti anayecheka kwenye picha anajua jina la aliyemwokolea hizo milioni nne?

Sauti ya Zege: 😂😂 Tumekuja kujadili tozo tumepewa somo la mundu. Ila Mzee wa Mizania, serikali ikipewa rungu nayo haina akili. Si Indonesia ilifunga kuuza mawese nje mwaka mzima 2022?

Bwana Jedwali: Mwaka mzima wapi. Tarehe 28 Aprili hadi 23 Mei, hata mwezi haukufika. Lakini ndani ya hizo wiki matangi yalijaa, vinu vikaacha kununua mikungu na aliyeumia wa kwanza ni mkulima mdogo, kampuni kubwa zikaendelea na maisha.

Nirudi kwenye mada maana naona inapotea. Mnabishana bei na hakuna aliyeuliza umri wa miti. Mchikichi unaanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, kilele chake ni kama mwaka wa 7 hadi wa 18, ukifika 25 unang'oa unapanda upya, na hapo unakaa miaka mitatu bila shilingi. Sasa mkurugenzi anayetaka gawio zuri mwaka huu anafanyaje? Hapandi upya. Faida inapendeza na miti inazeeka. Angalieni FGV, kampuni ya mashamba ya Malaysia, 2012 waliingia soko la hisa kwa ringgit 4.55 kwa hisa, mauzo yaliyokuwa ya pili kwa ukubwa duniani mwaka ule hadi wakati huo baada ya Facebook, wakati zaidi ya nusu ya miti yao ilikuwa mizee. Kufikia mwisho wa 2018 hisa ilikuwa chini ya ringgit moja, baadaye Felda, shirika la serikali lililoianzisha, wakaja kuzinunua tena kwa 1.30. Ukikata faida bila kuangalia upandaji upya, unamwadhibu aliyepanda na unamchekea aliyekula mtaji.

Kisu Kirefu: Asante kwa kuitaja FGV maana ndiyo hiyohiyo Marekani ilizuia mawese yake Septemba 2020 kwa tuhuma za kazi ya kulazimisha. Desemba ikafuata Sime Darby Plantation, kampuni nyingine ya Malaysia, wao wakaachiwa 2023 baada ya kuwarudishia wafanyakazi ada walizotozwa ili wapate hiyo kazi. Kwahiyo hao "wasio na ujuzi" walikuwa wanalipa ili waajiriwe, na bado DadaHisa anawaita gharama.

DadaHisa: Jamani kwenye hesabu mshahara ni gharama hata ukimpenda namna gani! Mbona wahasibu wote duniani wanaandika hivyo? Wewe una ugomvi na mimi au na karatasi?

Mzee wa Mizania: Mimi naona Kisu amenisaidia. Ile tozo basi isiende hazina, iende moja kwa moja kwa wavunaji.

Sauti ya Zege: Mzee, dakika chache zilizopita ilikuwa serikali ikate haswa. Kabla hatujalala itakuwa igawiwe kwetu sisi tunaochangia hapa.

Bwana Jedwali: Kuhusu miti mizee hakuna mwenye jibu?

Sauti ya Zege: Jibu liko Kongo. Kampuni ya Feronia ilinunua mashamba ya michikichi ya Unilever kule 2009, hela za umma za Ulaya zikaingia, 2020 wakafilisika. Pale nako serikali ingekata nini?

Mzee wa Mizania: Ndiyo maana nasema ikate bei ikiwa juu tu! Na faida zenyewe zilikuwa za karatasi, kabla ya 2016 kanuni za kimataifa za uhasibu zilitaka mti uthaminiwe upya kila mwaka, thamani ikipanda wanaita faida, sasa hivi mti unahesabiwa kama mashine unachakaa, ila tunda bichi lililo juu bado wanalithamini kwa bei ya soko.

DadaHisa: Mti ni mashine, sawa, na mashine nyingine ndiyo itamaliza huu ubishi. Malaysia tayari wana mundu wa injini unaitwa Cantas, mtu mmoja anakata mara mbili ya wa mkono.

Kisu Kirefu: Kwenye miti mifupi. Ikirefuka injini inakuwa mzigo mkononi, unarudi kwenye mpini uleule. Na hiyo miti mirefu ndiyo mizee ambayo mabosi zako hawataki kuing'oa, muulize Bwana Jedwali.

Bwana Jedwali: Hatimaye mtu kanisoma.

DadaHisa: Mabosi zangu tena? Mimi nina hisa mia tatu tu, gawio la mwaka jana halikunitosha hata bando.